Nani Anabaki Nje ya Kiwanja? Mwongozo kamili wa kushirikisha wanafunzi kwa haki katika michezo, klabu na safari za shule

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa michezo, mlezi wa klabu, mwalimu wa taaluma na mjumbe wa kamati au bodi ya shule nchini Tanzania, ambaye kila mwaka hujikuta na nafasi chache kuliko watoto wanaozitaka. Timu ya netiboli inaingiza wachezaji 7 kiwanjani, soka 11, wavu 6, na basi la safari lina viti vyake. Kwa hiyo kuacha baadhi ya watoto hakuepukiki. Kinachoepukika ni kuwaacha walewale kila mara, kwa sababu ambazo hakuna mtu aliyekaa kitako akazipitisha. Kwa uzoefu wangu, mtoto huwa ameshaachwa siku nyingi kabla mwalimu hajapuliza filimbi ya mchujo, na ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi iliyoelezwa hapa hufanyika ofisini, kwa kalamu na daftari.

Msingi wa kisheria hauhitaji maelezo marefu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua katika ibara ya 31 haki ya mtoto ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika sanaa na utamaduni, na ibara ya 2 inakataza ubaguzi katika haki zote zilizomo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeweka kucheza na kupumzika miongoni mwa mambo ambayo mtoto anastahili. Mwalimu anayesema kwamba michezo ni zawadi ya shule kwa watoto wazuri anakwenda kinyume na maandishi haya, hata kama nia yake ni njema.

Hatua ya kwanza: hesabu watu, usihesabu nafasi

Chukua daftari moja kubwa, lile la kurasa nyingi linaloitwa kaunta buku, na uandike shughuli zote za shule zisizo za darasani: timu za UMITASHUMTA (mashindano ya shule za msingi) au UMISSETA (ya shule za sekondari), kwaya, ngoma, skauti, mdahalo, klabu ya mazingira, gwaride, halaiki ikiwa shule imeombwa kuitoa, safari za mafunzo, na hata uongozi wa wanafunzi. Chini ya kila shughuli andika majina ya waliomo, na mbele ya kila jina weka darasa na mkondo, jinsia, kama mwanafunzi ni wa kutwa au wa bweni, mtaa au kijiji anakotoka, na kama ana ulemavu unaojulikana. Hali ya uchumi ya familia usiiandike katika daftari ambalo wengine watalisoma. Kaa na mwalimu wa darasa, mzungumze kwa mdomo.

Kisha tengeneza orodha ya pili, ambayo kila mtoto anatajwa mara moja tu hata kama yumo katika shughuli nne. Hapa ndipo walimu wengi hupigwa na butwaa. Tuchukue mfano wa shule yenye wanafunzi 620, wasichana 322 na wavulana 298. Orodha ya kwanza inaweza kuonyesha nafasi 74 zilizojazwa, na mwalimu mkuu akaridhika. Orodha ya pili ikaonyesha kwamba nafasi hizo 74 zinashikiliwa na watoto 41 tu, wasichana 12 na wavulana 29. Ukigawa, utaona kwamba ni karibu wasichana 4 katika kila 100 wanaoshiriki jambo lolote, ilhali kwa wavulana ni karibu 10 katika kila 100. Mtoto mmoja ni nahodha wa soka, kiranja mkuu, mwimbaji wa kwaya na mwakilishi wa klabu, na katika kila sherehe ndiye anayemkabidhi mgeni rasmi zawadi. Hana kosa, sisi walimu ndio tumezoea kumwita yeye kwa sababu tunajua hatatuangusha.

Usitafute mkosaji katika hatua hii. Zungushia kwa kalamu nyekundu makundi ambayo hayamo kabisa: mkondo mzima, kijiji kizima cha mbali, wasichana wa madarasa ya juu, watoto wa kitengo cha elimu maalumu. Maswali ya hatua inayofuata yatatoka katika miduara hiyo.

Hatua ya pili: tembea njia anayopita mtoto hadi kufika kiwanjani

Hii ndiyo hatua yenye mambo mengi kuliko zote, na nashauri ipewe wiki nzima. Jifanye wewe ndiye mwanafunzi wa darasa la sita anayetaka kucheza netiboli, na ujiulize mambo yote ambayo ni lazima yamwendee sawa kabla hajaonekana na mwalimu.

La kwanza ni kusikia habari. Katika shule yangu ya kwanza nilibandika tangazo la mchujo kwenye ukuta wa nje wa ofisi ya walimu, kwa mwandiko mzuri na rangi mbili. Walikuja wasichana 14, karibu wote viranja au watoto wa darasa nililokuwa nalilea, na kwa wiki nzima nilikuwa nikilalamika kwa wenzangu kwamba wasichana wa shule ile hawapendi michezo. Siku moja wakati wa mapumziko nikamwona msichana mrefu akicheza rede nyuma ya madarasa, akiukwepa mpira kwa namna ambayo kocha yeyote angesimama kumtazama. Nikamuuliza kwa nini hakuja kwenye mchujo. Akaniamkia, akasita kidogo, kisha akasema, “Mwalimu, kule ofisini sisi hatupiti mpaka tuitwe.” Tangazo langu lilikuwa limebandikwa mahali ambapo wanafunzi wa kawaida walikatazwa kukanyaga. Tangu hapo tangazo langu husomwa mstarini asubuhi kwa siku tatu mfululizo, husomwa tena na mwalimu wa kila darasa, na husemwa kwa lugha ya alama pale penye wanafunzi viziwi. Karatasi ya ukutani inakuja mwisho, na hubandikwa karibu na bomba la maji, ambako kila mtoto hufika.

La pili ni muda. Mchujo wa Ijumaa mchana unawaacha Waislamu wanaokwenda msikitini. Wa Jumamosi unawaacha Wasabato. Wa Jumapili asubuhi unawaacha Wakristo wengine. Na mazoezi ya kila siku baada ya saa kumi jioni yanawaacha wanaokwenda madrasa, wanaotembea saa nzima kurudi nyumbani, na wale ambao hawajala tangu asubuhi kwa sababu mchango wa chakula cha mchana haujalipwa. Hakuna saa itakayowafaa wote. Kwa hiyo weka mchujo katika siku mbili tofauti kwa saa tofauti, na walau kipindi kimoja cha mazoezi kwa wiki kiwe ndani ya muda wa masomo, katika vipindi ambavyo ratiba ya shule tayari imevitenga kwa ajili ya michezo na ambavyo, tuseme ukweli, mara nyingi humezwa na Hisabati.

La tatu ni kazi za shule. Angalia ni akina nani wanaoteka maji kwa vidumu, wanaoosha vyombo vya jikoni na wanaofagia ofisi wakati wavulana wako kiwanjani na mpira. Katika shule nyingi jibu halihitaji utafiti. Ratiba ya usafi igawanywe kwa zamu za mchanganyiko, na siku ya mazoezi ya timu ya wasichana zamu hiyo ishikwe na wavulana.

La nne ni ruhusa ya nyumbani. Barua ya ruhusa iliyoandikwa kwa lugha ya kiofisi humfikia bibi anayelea wajukuu watano, ambaye pengine hasomi, na kwake karatasi yenye muhuri wa shule ina maana moja tu, kwamba anadaiwa pesa. Mtoto anajua hivyo, kwa hiyo haipeleki. Barua iwe fupi, ianze kwa salamu, itaje siku, mahali, nani atakayewasimamia watoto na saa ya kurudi, na sentensi ya pili iseme waziwazi kwamba hakuna malipo, kama kweli hakuna. Kwa mzazi asiyesoma, tuma mtoto wa jirani aliye darasa la juu akaisome kwa sauti, au mpigie simu.

La tano ni adhabu. Pitia kumbukumbu uone mara ngapi neno “umefutwa kwenye timu” limetumika kama fimbo ya kukomesha uchelewaji au kelele. Nitalirudia hili mbele.

Hatua ya tatu: tenga shughuli katika mafungu matatu

Kosa kubwa ninaloliona ni kutumia kanuni moja kwa kila shughuli. Mwalimu aliyezoea kusaka washindi wa kwenda ngazi ya kata na wilaya hupeleka macho yaleyale kwenye kwaya ya darasa la tatu. Gawa shughuli zote zilizomo katika daftari lako katika mafungu haya, na kila moja liandikwe na kubandikwa.

Fungu la kwanza ni la wote, ambalo kila mwanafunzi anashiriki bila kuchujwa wala kuomba: michezo ya madarasa, bonanza la shule, bustani, siku ya utamaduni. Humu mwalimu hana mamlaka ya kumwacha yeyote. Fungu la pili ni la kujiunga kwa hiari: skauti, mdahalo, mazingira, kwaya ya kawaida. Anayetaka anaandikishwa, wakizidi uwezo wa mlezi, kundi linagawanywa mara mbili au wanakutana kwa zamu, na jina la anayesubiri linawekwa kwenye orodha yenye tarehe. Fungu la tatu ni la mchujo, nalo liwe dogo kadiri iwezekanavyo: timu ya kuiwakilisha shule nje, washindani wa mdahalo wa wilaya, na nafasi za safari zilizo chache.

Ukikuta shughuli iko fungu la tatu bila sababu inayoeleweka, ishushe. Kwaya ya kumpokea mgeni haihitaji sauti 20 bora. Inahitaji watoto 60 waliojifunza wimbo mmoja vizuri.

Hatua ya nne: mchujo wa timu unaoweza kuutetea mbele ya mzazi

Vigezo viandikwe kabla ya siku ya mchujo na vitangazwe pamoja na tarehe. Kwa netiboli, kwa mfano, unaweza kuweka alama 10 kwa kila jambo kati ya haya: kudaka pasi 10 kutoka umbali ulioupima kwa hatua, kutoa pasi kabla ya sekunde 3 ambazo kanuni za mchezo zinaruhusu, kusimama na mpira bila kukanyaga vibaya, kujipanga pasipo mpira, na kwa wafungaji, mitupo 10 golini. Kigezo kama “nidhamu” au “mwonekano” kisiwemo, kwa kuwa ni mlango wa uani wa kumwingiza unayempenda. Kikiwa lazima kiwemo cha aina hiyo, kama ushirikiano na wenzake, eleza utakipima vipi, kwa mfano kwa kuhesabu ni mara ngapi amempa mpira mwenzake aliyekuwa wazi.

Siku yenyewe, wape watoto namba. Kata vipande vya boksi, andika namba kwa kalamu ya wino mzito, wavibane kifuani kwa pini. Tafuta wapimaji watatu, na mmoja atoke shule ya jirani, ambaye hajui nani ni mtoto wa mwalimu mkuu na nani alifukuzwa darasani jana. Kila mpimaji aandike alama zake peke yake, bila kuchungulia za mwenzake, kisha zijumlishwe mbele ya wote watatu. Mwalimu ambaye mwanawe au ndugu yake yumo kwenye mchujo akae pembeni siku hiyo. Na akiwa ndiye mwalimu pekee wa michezo, kazi ya kupima apewe mwingine na yeye abaki kuokota mipira.

Fanya mchujo walau mara mbili. Mtoto aliyeshindia uji asubuhi na kutembea kilomita nne hachezi sawa na aliyetoka bwenini, na mara moja haitoshi kumjua. Asiye na raba asiambiwe akakae. Ama wote wacheze pekupeku siku hiyo, ama shule itoe za kuazima. Wapimaji wengi, nami nikiwamo, macho yetu huvutwa na njumu mpya kabla hayajavutwa na mguu uliomo ndani yake.

Kuna jambo la umri ambalo ni vigumu kuliona kwa macho. Katika darasa moja, mtoto aliyezaliwa Januari amemzidi wa Desemba kwa miezi 11, na katika umri wa miaka 11 hiyo ni karibu sehemu moja kati ya 12 ya maisha yao. Huko Kanada, mwaka 1985, mtafiti Roger Barnsley na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba miongoni mwa vijana wa timu za juu za hoki ya barafu, waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi mno kuliko waliozaliwa miezi ya mwisho, kwa kuwa makocha walikuwa wakichagua ukubwa wa mwili wakidhani wanachagua kipaji. Dawa yake shuleni ni rahisi: panga wachezaji wa mchujo kwa mwezi wa kuzaliwa, uwatazame waliozaliwa Julai hadi Desemba kama kundi lao, na uweke nafasi chache za wachezaji wa akiba kwa wale wanaoonyesha akili ya mchezo ingawa miili bado haijawafikia wenzao.

Ama kuhusu mamluki, yaani mchezaji anayechukuliwa nje ya shule au nje ya umri ili kombe lije, sitasema mengi. Kila mamluki mmoja anayevaa jezi ni mtoto mmoja wa shule yako aliyevuliwa jezi hiyo, na kwa kawaida ndiye aliyehudhuria mazoezi yote. Cheti cha kuzaliwa na namba ya usajili wa shule vikaguliwe na mtu asiye kocha, na orodha ya timu isomwe mstarini kabla ya kusafiri. Wanafunzi wanajuana, na mgeni atakuwa ameshajulikana kabla orodha haijamalizika kusomwa.

Hatua ya tano: safari na nafasi zisizohitaji kipaji

Safari ya mafunzo haimhitaji mtoto hodari, kwa hiyo mchujo wa alama hauna maana hapo, wala kanuni ya “aliyewahi kulipa ndiye anayekwenda” si haki, kwa kuwa inapima mfuko wa baba. Tumia bahati nasibu ya wazi. Tuseme shule iliyoko Morogoro imepata basi lenye viti 30 vya wanafunzi kwa safari ya siku moja kwenda Hifadhi ya Mikumi, na wanafunzi 84 wameomba, wasichana 48 na wavulana 36. Gawa viti kwa uwiano wa waombaji: 17 kwa wasichana na 13 kwa wavulana. Kwanza ondoa, kwa safari hii, majina ya waliokwenda safari iliyopita, ilimradi waliobaki wanatosha kujaza viti. Andika kila jina kwenye karatasi za ukubwa mmoja, zikunje namna moja, zitie kwenye ndoo mbili, na mtoto wa darasa la kwanza achomoe mbele ya mstari mzima. Majina matano yanayofuata katika kila ndoo yawe ya akiba, kwa mpangilio yalivyotoka. Ambao hawakupata waandikwe, na safari ijayo waanze wao.

Malipo yaje baada ya bahati nasibu. Mtoto akishachomoka na nyumbani hakuna pesa, shule itafute, na kiti kisihamishwe kimyakimya kwa mwenye uwezo.

Hatua ya sita: pesa

Elimumsingi bila ada ilianza kutekelezwa Januari 2016, na Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huo ukafafanua majukumu ya kila upande. Miongoni mwa yaliyobaki kwa mzazi ni sare za shule na za michezo, madaftari, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Ni katika sare hizo za michezo ndipo mtoto wa familia duni huangukia, maana mzazi aliyejikakamua kununua shati na sketi hana tena pesa ya bukta na raba.

Yafuatayo yamefanya kazi mahali ninapofundisha. Jezi ni mali ya shule, zina namba, hufuliwa shuleni na hazipelekwi nyumbani. Raba zinazowabana wakubwa hukusanywa kila mwisho wa mwaka kwa wazazi wanaotaka kutoa, hupangwa kwa saizi katika kabati la stoo, na mtoto yeyote huazima kwa kuandika jina, awe na uwezo au asiwe nao, ili kuazima kusiwe alama ya umaskini. Mchango wa safari ya mashindano hupitishwa na kamati ya shule katika kikao chenye muhtasari, na katika bajeti huwekwa tangu mwanzo nafasi za watoto ambao hawatachangia. Majina yao hujulikana kwa watu wawili tu, mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa. Kuyasoma mstarini majina ya wasiolipa ni jambo la kukomeshwa siku hiyohiyo linapoonekana.

Hatua ya saba: watoto wenye ulemavu na wenye mahitaji ya kiafya

Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unatamka katika ibara ya 30 kwamba watoto wenye ulemavu wapate fursa sawa na wenzao katika michezo na burudani, ikiwa ni pamoja na zile zinazoendeshwa shuleni. Kumpa mtoto kazi ya kutunza mabegi ya wenzake kiwanjani hakuhesabiki kuwa ni kushiriki, ila kama mwenyewe ameichagua.

Kwa wasioona kuna goliboli, mchezo uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani: wachezaji watatu kila upande, wote wamefungwa vitambaa machoni, mpira una kengele ndani, na watazamaji hutakiwa kunyamaza. Mistari ya kiwanja hutengenezwa kwa kamba iliyofunikwa na utepe ili iguswe kwa mkono. Kwa kuwa kila mchezaji hufungwa macho, wanafunzi wanaoona wanaweza kucheza pamoja nao, na wengi wao hufungwa magoli mengi siku ya kwanza. Katika soka la viziwi mwamuzi hutumia kibendera badala ya kutegemea filimbi, na kibendera ni kipande cha kitambaa na fimbo. Mwanafunzi mwenye ualbino asichezeshwe saa sita mchana. Mazoezi yake yawe asubuhi au jua linapopoa, avae mikono mirefu na kofia pana, apakwe mafuta ya kinga, na kwa vile wengi wao huona kwa shida, mpira wa rangi kali humsaidia kuliko mpira uliochakaa ukafanana na vumbi.

Muulize mtoto mwenyewe anataka nini, na muulize akiwa peke yake. Mwenye pumu au selimundu aulizwe pamoja na mzazi wake, na ushauri wa daktari ufuatwe kama ulivyoandikwa. Asizuiwe kwa hofu ya mwalimu tu.

Hatua ya nane: wasichana

Mengi yameshagusiwa katika ratiba na kazi za usafi, lakini yako ambayo mwalimu mwanamume hawezi kuyaona bila kuambiwa. Sketi fupi ya netiboli humwondoa msichana ambaye nyumbani kwao haikubaliki, na hivyo ruhusu taiti ndefu, suruali ya michezo na hijabu tangu siku ya mchujo, bila kumfanya aombe. Hakuna kisingizio cha kanuni hapa: FIFA iliruhusu rasmi vazi la kichwa mwaka 2014 na mpira wa kikapu wa kimataifa ukafuata mwaka 2017. Timu ya wasichana inayosafiri iende na mwalimu wa kike au matroni, na jina lake liandikwe katika barua ya ruhusa, kwani wazazi wengi hukataa kwa sababu hiyo tu. Taulo za kike ziwemo katika sanduku la huduma ya kwanza, na mwenye hedhi aamue mwenyewe kucheza au kupumzika.

Wasichana waliorejea masomoni baada ya kujifungua, kwa utaratibu uliofunguliwa mwaka 2021, hurudi darasani lakini nadra kurudi kwaya au timu. Nimesikia ikisemwa kwamba “watawaharibu wengine”. Mwanafunzi aliyesajiliwa ni mwanafunzi, na daftari lako lioneshe yumo katika shughuli gani.

Hatua ya tisa: alama za darasani na makosa ya nidhamu

Huko Texas, Marekani, sheria ya mwaka 1984 iliweka kwamba mwanafunzi asiyefaulu somo hachezi, na hapa kwetu shule nyingi zinafanya hivyo bila sheria yoyote. Mimi siungi mkono. Mtoto wa darasa la saba anayekaribia mtihani wa Septemba ana haki ya kupunguziwa safari ndefu, lakini kumwondolea mazoezi ya nusu saa hakumwongezei ujuzi wa sehemu na desimali. Mara nyingi mpira ndio unaomleta shuleni siku ambazo hakuna kingine kinachomleta. Akiwa nyuma kimasomo, mpangie saa ya kusaidiwa kabla ya mazoezi, na mchezaji mwenzake aliye vizuri akae naye.

Kwa nidhamu, zuia kushiriki pale tu kosa linapohusu shughuli yenyewe au usalama wa wengine, kama kumpiga mwenzake kiwanjani, na kizuizi kiwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Kanuni hiyo imguse nyota wa timu kama inavyomgusa mchezaji wa akiba. Wanafunzi husahau mengi tunayowaambia, lakini siku ambayo mfungaji bora alisamehewa kosa ambalo kipa wa pili aliadhibiwa kwalo hawaisahau hata wakishamaliza shule.

Hatua ya kumi: malalamiko

Tangaza pamoja na matokeo kwamba mwanafunzi au mzazi asiyeridhika ana siku tatu za shule za kuuliza. Alama za mtoto huyo zionyeshwe kwake na kwa mzazi wake, na za wengine zisionyeshwe. Jibu litoke kwa mtu ambaye hakupima. Katika shule ndogo anaweza kuwa mjumbe wa kamati ya shule. Yakipatikana makosa ya kujumlisha, orodha irekebishwe hata kama jezi zimeshagawiwa, na aliyeondolewa aelezwe na mtu mzima, faraghani, kabla hajasikia mstarini. Lisipopatiwa ufumbuzi shuleni, lipelekwe kwa Ofisa Elimu Kata kwa maandishi.

Wasiochaguliwa nao waambiwe, mmoja mmoja, nini cha kufanyia kazi na lini mchujo ujao utafanyika. Dakika mbili kwa kila mtoto zinatosha; kwa watoto 30 ni saa moja ya mwalimu.

Mwisho wa kila muhula rudia hesabu ya hatua ya kwanza katika daftari lilelile, ukurasa unaokabiliana na ule wa zamani, ili tofauti ionekane bila maneno mengi. Isome katika kikao cha walimu na katika kikao cha kamati. Na kwa kuwa mwalimu wa serikali anaweza kupata barua ya uhamisho wiki yoyote, liorodheshe daftari hilo katika makabidhiano ya ofisi pamoja na mipira, nyavu na ufunguo wa kabati la raba, likiwa na majina ya waliokosa safari iliyopita na ambao zamu yao ndiyo inayofuata.